Pua ya Pangani

Pua ya Pangani haikosei. Nimeanza na sentensi hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa kituo chetu, kwa herufi ndefu kuliko mimi, na nataka msomaji ajue tangu mwanzo kwamba anasoma habari za watu makini. Jambo la pili: mimi ninayeandika sifichi kitu. Nilikuwepo, niliona, na kosa lilikuwa la nani nitalisema waziwazi. Kaa mkao wa kula.

Asubuhi moja ya masika, mwaka 2083, Pua ilikuwa kazini. Ukisimama kwenye varanda ya kituo, pale mto unapokutana na bahari, ungeona maboya arobaini ya njano yamepangwa kuelekea majini kama shanga, kila boya likivuta maji upande huu na kuyatema upande ule. Katikati ya maboya vilipita vijumbe, yaani roboti wadogo wenye umbo la samaki, kila kimoja na kibofu tumboni, kikidondosha tone moja kila baada ya hatua mia. Tone hilo halikuwa dawa wala sumu. Lilikuwa harufu. Mashine ile ilikuwa ikiirudishia bahari harufu ya mto ambao nusu yake ilikwisha kufa.

Kwa nini mtu mzima aitie bahari manukato? Nitaeleza haraka, kwa sababu kipindi cha baiolojia shuleni mimi nilikitumia kulala.

Mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu mtelezi kama mkanda uliopakwa mafuta, huishi kinyume na wenzake. Huzaliwa mbali sana, kwenye maji ya kina upande wa Madagaska. Akiwa mchanga ni mwembamba na mwangavu. Ukimlaza juu ya ukurasa unasoma maandishi kupitia tumbo lake, ndiyo maana tunamwita mkunga-kioo. Mikondo humsukuma miezi mingi hadi pwani yetu. Akifika, hunusa. Akipata harufu ya maji ya mto huifuata, hupanda, huishi huko juu miaka ishirini, kisha siku moja huteremka baharini kuzaa na kufa. Maisha yake yote yanaitegemea ile pua.

Sasa mto wenyewe. Theluji ya Kilimanjaro, mlima uliouzaa mto huu, ilibaki kwenye kalenda za zamani. Mvua ikawa ama inanyesha yote kwa wiki moja, ama haiji kabisa. Bahari ikapanda, chumvi ikaingia mtoni kilomita baada ya kilomita, minazi ya Bweni ikakauka vichwa. Maji yaliyofika baharini yakawa haba, ya uvuguvugu, wala hayanuki mlima tena. Bahari nayo ilivyozidi joto, vile vijidudu vyenye mafuta ambavyo watoto wa mikunga hula safarini vikahamia kusini. Wakawa wanafika wamekonda, na wakifika hawauoni mlango. Misimu mitatu mfululizo hakuingia hata mmoja. Huko juu kaa wakazidi, maana aliyekuwa akiwala hayupo, wakatoboa kingo za majaruba ya mpunga mpaka karibu na Korogwe. Ondoa figa moja uone kama chungu kitasimama.

Aliyebuni Pua ni Mhandisi Zahara Mntangi, mzaliwa wa Hale, mwanamke mfupi mwenye miwani miwili: mmoja machoni, mwingine juu ya kilemba, na kila asubuhi anautafuta wa tatu. Alisomea nchi za baridi kaskazini, akafanya kazi kwenye mto wa samoni. Samoni ni mkunga aliyegeuzwa: huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi kuzaa kwenye mto uleule aliozaliwa, kwa kuikumbuka harufu yake. Zahara aliuona msimu wa mwisho wa mto ule.

"Walirudi," alituambia siku moja, wakati wa chai. "Harufu waliipata. Lakini maji yalikuwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto. Walikufa vichwa vyote vimeelekea juu mtoni. Kule tulichelewa miaka minne. Hapa sitaki kuchelewa."

Na hapa muda ulikuwa unahesabika. Halmashauri ilikuwa inataka kujenga Ukuta wa Chumvi, ukuta wa zege kutoka ukingo huu hadi ule, kuizuia bahari isipande mtoni. Sheria ilisema mto wenye samaki wahamao usifungwe bila lango. Mto usio nao, ufungwe tu. Kwa hiyo kama masika ile ingekwisha bila mkunga-kioo hata mmoja kupita kwenye jicho la kuhesabia la kituo, Pangani ingezibwa, na mikunga wa mto huu wangekuwa habari ya makumbusho.

"Mhandisi, mimi si adui wa samaki," Mheshimiwa Mbelwa, mwenyekiti wa halmashauri, alisema kwenye kioo cha mawasiliano. Alikuwa mtu mpole, na ndiyo ilikuwa tabu yake. Mkali ungemchukia ukapumzika. "Nina watu elfu sitini wanakunywa maji yenye chumvi. Wajawazito wanavimba miguu. Nawaambia nini? Subirini, kuna samaki anakuja?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa Mei."

"Haya. Juni mosi naleta zege."

Pua ilikuwa na ubongo wa akili mnemba na matundu elfu nne ya kunusia, lakini haikuweza kutunga harufu isiyoijua. Ilihitaji kunusa, hata mara moja, maji ya mto wa zamani. Tukatangaza redioni: mwenye maji ya Pangani ya kabla ya chumvi, alete. Mmoja alileta siki. Mwingine alileta maji ya mvua na kiapo. Kisha ikaja habari kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, kwamba Bi Mwanakombo Shali anayo chupa.

Marehemu mumewe, Mzee Shali, alikuwa mpima-maji wa mto, kuanzia Bweni hadi Hale. Kila mwaka alijaza chupa moja, akaiziba kwa nta, akaandika tarehe kwa mkono wake. Alipofariki chupa zilipotea moja moja, ikabaki ya mwaka 2031, kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni. Bi Mwanakombo hakuiweka kwa ajili ya sayansi. Aliiweka kwa ajili ya mwandiko.

Akatumwa fundi mmoja wa kituo, kijana mwenye sura nzuri na ucheshi wa kiwango cha juu, ambaye jina lake si la muhimu. Kwa bahati mbaya chombo safi cha kubebea maji kilibaki kituoni. Mambo hayo hutokea. Bi Mwanakombo akasema maji atatoa, ila chupa haitoki nyumbani mwake, maana ina mkono wa mumewe.

Na hapa ndipo kosa lilipo, nami nilisema sitaficha. Bi Mwanakombo alikuwa na mtungi mdogo aliopewa na mama yake siku ya harusi. Kwa mazoea ya kinamama wa pwani yetu, alipalia makaa kwenye chetezo, akatia ubani, akauinamisha mtungi juu ya moshi mpaka ukashiba, ndipo akayamimina maji ya Mzee Shali humo. Kwake, kumtolea mgeni maji yasiyofukizwa ni kama kumtoa bibi harusi bila hina. Fundi, maskini, angefanya nini? Mzee ni mzee. Akavuka na mtungi, akafika kituoni, akayahamishia maji kwenye chombo safi, na siku ileile akaurudisha mtungi kwa mwenyewe. Mhandisi Zahara hakuuona. Pua ikanusa, ikatulia, ikasema: "Nimeijua."

Ikaanza kutema.

Alfajiri ya tarehe kumi na tisa Aprili, Pua ilitangaza kwa ile sauti yake isiyo na haraka: "Kundi limeonekana. Kilomita kumi na nne. Makadirio, mikunga-kioo elfu thelathini."

Zahara alishika ukingo wa varanda kwa mikono miwili. Kwenye kioo kikubwa kundi lilionekana kama vumbi la kijani, likisogea taratibu. Kilomita kumi na mbili. Kumi na moja.

"Njooni," alisema kwa sauti ya chini. "Njooni wanangu, nyumbani ni huku."

Kilomita tisa, pale harufu yetu ilipoanza kukolea, vumbi lilisimama. Likazunguka mara moja. Kisha likapinda.

"Kundi limegeuka," Pua ikasema.

"Limegeukia wapi?"

"Kaskazini."

"Harufu ikoje?"

"Inalingana na sampuli kwa asilimia tisini na tisa nukta nane. Sijakosea."

"Kwa hiyo wamekosea wao?"

"Inawezekana," ikajibu Pua, ambayo kejeli haikufundishwa.

Fundi alicheka. Kisha akauona uso wa Zahara, na kicheko kikaishia njiani.

Siku mbili baadaye vijumbe vilirudi na picha kutoka kaskazini, juu ya matumbawe yaliyokufa, mahali ambapo maji ya kina kifupi yalikuwa ya moto kama supu. Mkunga-kioo akifa hawi mwangavu tena. Hugeuka mweupe, kama uzi wa kushonea sanda. Picha zilikuwa nyeupe kutoka pembe hadi pembe. Zahara alizitazama zote, moja moja, akavua miwani yote miwili, akaenda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kesho yake akasema anavuka Bweni. Mtu aliyetoa kumbukumbu ya mumewe ana haki ya kuambiwa uso kwa uso kwamba haikusaidia. Akamchukua na fundi, ambaye alijaribu kuumwa kichwa, haikukubaliwa.

"Hodi hapa!"

"Karibuni. Hodi ya huzuni hiyo."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana? Maji ya Shali hayakuwaita?"

"Walikuja, Bibi. Walifika karibu kabisa. Wakageuka."

Bi Mwanakombo alivuta kanga yake begani. "Hata mwenyewe alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Anafika hapo mlangoni, chakula kimeiva, anakumbuka daftari lake la vipimo, anageuka. Nimekula peke yangu mara nyingi kwa ajili ya mto huo. Kunyweni maji kwanza."

Aliuinamisha mtungi mdogo, akamjazia Zahara kikombe. Zahara akakipeleka mdomoni, akasita. Akakishusha. Akakipeleka puani.

"Bibi, maji haya yana ubani."

"Ndiyo. Kwani nyinyi wa Hale hamfukizi mitungi? Au mnakunywa kama ng'ombe?"

"Na yale ya Mzee Shali," Zahara aliuliza polepole, "yaliondoka hapa katika chombo gani?"

Fundi akatazama dari. Palikuwa na mjusi wa kuvutia sana.

Bi Mwanakombo alimtazama fundi kwa muda, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. "Katika mtungi huu," alisema. "Nilifukiza, mwanangu. Nisamehe. Mazoea."

Zahara hakugomba. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, mpaka Bi Mwanakombo akamsogelea na kumshika mgongo. "Elfu thelathini," Zahara alisema. "Wametoka Madagaska wanatafuta mto, sisi tumewapeleka harusini."

Maji ya Mzee Shali yalikuwa yamekwisha yote. Kilichobaki ni sampuli yenye vitu viwili vilivyochanganyika, mto na moshi, na wiki tano. Zahara akaeleza njia moja tu: Pua inuse ubani wa mtungi ule peke yake, iujue vizuri, kisha iutoe ndani ya sampuli ya kwanza, kama unavyochambua mchele ukatoa chuya. Lakini udongo ule ulikuwa umekunywa moshi kwa miaka zaidi ya arobaini, na haukuwa tayari kuutoa kwa hiari.

"Mpaka usagwe, Bibi," Zahara alisema. "Uwe unga. Siwezi kukuahidi kitakachopatikana."

Bi Mwanakombo alipitisha kidole kwenye mdomo wa mtungi, pale ulipolika kwa kugongwa na kata. "Mama alinipa ninyweshee wageni," alisema. "Hakusema lazima wawe na miguu. Chukueni."

"Nitakuletea mwingine, Bibi," fundi alisema haraka.

"Utaniletea wa mama yangu?"

Fundi akarudi kwa mjusi wake.

Mtungi ulisagwa. Pua ilinusa unga wake siku mbili, na siku ya tatu ikasema: "Katika sampuli ya kwanza, sehemu saba kwa kumi zilikuwa moshi wa ubani. Nilichojua si mto. Nilikosea." Jioni hiyo Zahara mwenyewe alichukua ndoo ya chokaa akaenda kupaka yale maandishi ya ukutani.

Harufu mpya ilipopatikana, hakuna aliyeweza kusema kama ni kweli. Sisi sote tulizaliwa baada ya mto ule. Zahara akaitia nzito kwenye kichupa, akavuka nayo, akaomba Bi Mwanakombo anuse.

Bibi alinusa mara moja. Akanusa tena, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu hata tukadhani amesinzia.

"Hili ni shati la Shali," alisema. "Jioni, akitoka kazini. Nilikuwa nikilifua kwa kugomba." Akakishika kichupa kwa mikono miwili. "Mimi miaka yote nilidhani ni jasho lake. Kumbe ulikuwa mto."

Siku hiyohiyo maboya yakaanza kutema upya.

Tarehe ishirini na saba Mei, jua limeshatoka, Pua ikasema kundi limeonekana. Safari hii halikuwa vumbi, lilikuwa chembe tu, mabaki ya mwisho ya msimu. Kilomita tisa likasimama. Likazunguka mara moja.

Halafu likaja moja kwa moja.

Tulishuka mbio hadi kwenye mfereji wa kuhesabia, na kule chini ya kioo tuliwaona wakipita: vitu visivyo na rangi, macho mawili meusi na uti wa mgongo kama wino wa kalamu, kila kimoja kikisukumana na maji kana kwamba mto huo ni wake. Mia tatu na kumi na wawili. Bibi yake Zahara aliwahi kumsimulia enzi ambazo walikuwa wakichotwa kwa ndoo. Mia tatu na kumi na wawili, na Zahara alimhesabu kila mmoja kwa mdomo, ingawa mashine ilikuwa inahesabu.

Mheshimiwa Mbelwa alitazama picha kwenye kioo chake.

"Lango liwe na upana gani?" aliuliza mwishowe.

"Mita nne."

"Mbili."

"Tatu."

"Tatu," alisema, na nadhani alitabasamu. "Ila likipitisha chumvi, nitakuja mwenyewe nikulaumu."

Ukuta ulijengwa, na lango la mita tatu lipo mpaka leo. Mikunga wanapita, kidogo kidogo, mwaka huu wengi kuliko mwaka jana. Gharama yake? Mtungi mmoja, chupa moja tupu yenye mwandiko mzuri, na elfu thelathini weupe juu ya matumbawe. Na jambo moja dogo: watu wa Pangani, tunaopenda utani kuliko chakula, tulimbandika Bi Mwanakombo jina. Bi Ubani. Kwenye kivuko vijana humwuliza, "Bibi, leo umefukiza nini?" Sokoni kinamama husema, "Jihadhari, atawafukiza dagaa wako." Miaka kumi sasa. Hajawahi kumjibu mtu. Lakini mazoea ni mazoea, na historia lazima iseme kosa lilikuwa la nani.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokuwa imeishia. Niliiandika kwa ajili ya kitabu cha miaka kumi ya kituo, na Mhandisi Zahara akatoa sharti moja: haichapishwi mpaka Bi Mwanakombo asomewe. Nikavuka. Nilimkuta kibarazani na ungo wa mchele mapajani. Nikamsomea yote, kwa madoido, huku nikibadilisha sauti ya Pua na ya Mheshimiwa. Mahali pa Bi Ubani nilisoma haraka kidogo.

Alichambua mchele mpaka nikamaliza.

"Umesoma vizuri," alisema. "Sauti unayo."

"Asante, Bibi."

"Huyo fundi mwenye sura nzuri."

"Eeh."

"Siku ile nilikuwa nimeshika chetezo mkononi. Nikamwuliza, mwanangu, haya si ya kunywa, ni ya kazi; nifukize au nisifukize? Nilimwuliza mara mbili. Sasa uzee huu, nimesahau alinijibu nini." Alitoa chuya moja, akairusha uani. "Hebu nikumbushe."

Nilitazama dari. Siku hiyo hapakuwa na mjusi.

"Kalamu unayo?" aliuliza.

"Ninayo, Bibi."

"Basi andika. Anza na jina."

Mimi ni Hemedi Kilua, fundi wa kituo. Siku ile ya chetezo nilikuwa nataka acheke, na alicheka kweli. Nilimwambia: "Fukiza, Bibi. Hata samaki ni wageni."